Taa za Paris na Hoja ya Ibrahimu

Mwaka 1900 watu walisafiri kutoka pande zote za dunia kwenda Paris, na wengi wao, walipofika, walingoja giza. Mchana Maonyesho ya Dunia yalikuwa na mengi ya kutazama: mashine za viwandani, mizinga, kazi za wachoraji, na njia ya miguu iliyojiendesha yenyewe, ikiwazungusha watu kwa zaidi ya kilomita tatu huku wamesimama tu. Lakini jioni ilikuwa na mwenyewe. Umati ulisogea kwenye uwanja wa Champ de Mars, ukaelekeza nyuso kwenye Kasri la Umeme, ukasubiri.

Kisha taa zikawaka. Zilikuwa zaidi ya 5,000, za rangi mbalimbali, zimetandazwa kwenye uso wa jengo lenye upana wa takriban mita 130. Kileleni ilisimama sanamu iliyowakilisha umeme, imepanda gari la kukokotwa, na nyuma yake ikachomoza miali kama ya jua. Chini yake maji yaliporomoka ngazi kwa ngazi, yakimulikwa yakawa mekundu, mara kijani, mara zambarau. Kwa mtu aliyelelewa kwa mwanga wa mshumaa, taa ya mafuta au gesi, hayo hayakuwa mapambo. Alikuwa anaona usiku ukiamriwa uondoke, nao ukitii.

Mshangao wa namna hiyo haukuwa wa Ulaya peke yake. Unguja ilikuwa na jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 na kuitwa Beit al-Ajaib, nalo ndilo linalokumbukwa kuwa jengo la kwanza visiwani kuwaka taa za umeme. Mwanadamu popote alipo hupigwa na butwaa mbele ya kikubwa, king'aacho na kigeni.

Linalosumbua ni hatua inayofuata. Mtu anaposimama kimya, kofia mkononi, moyo ukimwenda mbio mbele ya kazi ya mikono ya binadamu wenzake, anafanya nini hasa? Anastaajabu tu, au ameanza kuabudu bila kujijua?

Aliyelichukua swali hilo kwa uzito kuliko wageni wengi wa mwaka ule alikuwa mwanahistoria Mmarekani, Henry Adams. Alikuwa na miaka 62. Babu yake na baba wa babu yake walikuwa marais wa Marekani, naye alikuwa amesomesha Harvard na kuandika historia ya nchi yake kwa majuzuu. Alirudi kwenye maonyesho tena na tena hadi yalipofungwa mwezi Novemba. Mara nyingine aliongozwa na Samuel Langley, mwanaastronomia aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian, ambaye alimpitisha kwenye injini na mitambo kama mwalimu ampitishavyo mwanafunzi mkongwe.

Kilichomsimamisha Adams ni dainamo, mashine inayogeuza mzunguko kuwa umeme. Zile za Paris zilikuwa kubwa, nyingine zikipanda mita 12 hivi, zikizunguka kwa kasi ya kutisha na kwa sauti ndogo sana. Katika kitabu cha maisha yake, ambamo anajisimulia kana kwamba ni mtu mwingine, Adams anaeleza kuwa alianza kuzihisi mashine hizo kama Wakristo wa mwanzo walivyouhisi Msalaba. Anakiri kuwa mtu akikaa nazo muda wa kutosha hujikuta anataka kuziomba.

Adams hakutania. Alikuwa ametembelea makanisa makuu ya Ufaransa na kujiuliza ni nguvu gani iliyowafanya watu wa karne ya 12 na ya 13 wachonge mawe yote yale. Jibu lake lilikuwa Bikira Maria: upendo kwake uliinua kanisa la Chartres, na hakuna mtambo wa mvuke duniani ambao ungeweza kuinua kitu kama hicho. Sasa, mwaka 1900, aliona nguvu nyingine imekaa kwenye kiti kile kile. Alipofariki mwaka 1918, kwenye karatasi zake lilikutwa shairi la dua kwa Bikira wa Chartres, na ndani ya dua hiyo, dua nyingine, kwa dainamo.

Waumini wengi wakisikia kisa hiki watakuwa na jibu mkononi: hiyo ni shirki, ni ibada ya sanamu, mjadala umekwisha. Jibu hilo ni la kweli, lakini limefika upesi mno. Halielezi kwa nini mtu msomi, mwenye akili timamu, alihisi alichohisi. Wala halimsaidii kijana wa leo anayeketi mbele ya mwanga wa kioo usiku kucha akidhani yuko mbali na sanamu kwa sababu hajapiga magoti.

Mwaka 1917 mwanateolojia Mjerumani Rudolf Otto alichapisha kitabu kuhusu utakatifu. Alisema kuwa mbele ya kilicho kitakatifu mtu huwa na hisia mbili kwa pamoja: anatetemeka na anavutwa. Anataka kukimbia na anataka kukaribia. Ukiyasoma maneno ya Adams kuhusu dainamo, utazikuta hisia zote mbili. Lakini hapo ndipo penye hatari. Hisia ya kicho haithibitishi kwamba kilichoiamsha ni kitakatifu. Firauni naye alikuwa na wachawi wake, na waliotazama fimbo zikigeuka nyoka walitetemeka kweli. Wahenga walilijua hilo waliposema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwili hautofautishi. Inabidi mtu atumie kitu kingine kupima.

Kipimo kimoja cha kale kinatoka kwa Nabii Ibrahimu. Katika Qur'ani, kwenye Surat Al-An'am, anatajwa akitazama mbinguni usiku. Anaona nyota, kisha mwezi unachomoza, kisha jua, kila kimoja kikikizidi kilichotangulia kwa mwanga. Kila kimoja kilipotua, alikiacha. Hakusema kuwa nyota si nzuri. Alisema moyo haufungwi kwa kitu kinachokwenda zake. Uzuri wa hoja hii ni kuwa haimzuii mtu kutazama; Ibrahimu alitazama kwa makini kuliko wenzake wote, na kutazama kwake ndiko kulikomfikisha.

Kwa kipimo hicho, taa za Paris hazikuhitaji hata mwaka kuonekana zilivyo. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 14 Aprili na kufungwa tarehe 12 Novemba. Viingilio karibu milioni 50 vilikuwa vimehesabiwa milangoni. Kisha mafundi walikuja na nyundo, na Kasri la Umeme likabomolewa. Lilijengwa likijulikana kuwa litabomolewa.

Hata hivyo, hoja ya kutua haitoshi peke yake. Kanisa la Chartres nalo liliungua mwaka 1194, sehemu kubwa ikawa majivu, na lilipojengwa upya lilijengwa kwa mawe yatakayochakaa siku moja. Misikiti huporomoka, mahekalu hufukiwa na mchanga. Kama kila kinachopita ni sanamu, basi kila nyumba ya ibada ni sanamu, na hakuna muumini anayefikiri hivyo.

Ndiyo maana kipimo cha pili kinahitajika, nacho kinatoka kwa Nabii Isaya. Katika sura ya 44 ya kitabu chake anamweleza mtu aliyekata mti. Nusu ya kuni anaota moto, anaoka mkate na kuchoma nyama. Nusu iliyobaki anachonga mungu, kisha anaanguka kifudifudi na kuomba aokolewe. Kosa la mtu huyu ni kubwa kuliko kupenda mti. Amesahau. Moto bado unawaka pale pale, majivu ya nusu ya kwanza hayajapoa, na tayari hakumbuki kwamba nusu ya pili ilitoka kwenye shoka lake mwenyewe. Kwa Isaya sanamu ni kitu ambacho mkono uliokifanya umesahauliwa.

Ukirudi Champ de Mars na kipimo hiki mkononi, unalazimika kuuliza umeme ule ulitoka wapi. Haukutoka kwa sanamu ya kileleni. Ulitoka kwenye boila zilizochemsha maji kwa makaa ya mawe, mvuke wake ukazungusha mitambo, mitambo ikazungusha dainamo. Moshi ulitolewa na mabomba mawili makubwa, marefu takriban mita 80, yaliyopambwa ili yasiharibu mandhari. Na mbele ya matanuri kulikuwa na watu: wenye sepetu, waliochochea moto kwa jasho ili umati wa nje usahau kuwa kuna moto. Mpango wenyewe wa jengo ulikuwa huo. Uso wa kioo na rangi ulitazama bustani, na kazi ikawekwa nyuma.

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku anaielewa tofauti hii kwa magoti yake. Taa ya mbele inawaka kwa sababu mguu unakanyaga pedali. Mguu ukichoka, taa inafifia. Mwanga na anayeulipia wako kwenye mwili mmoja, na hakuna nafasi ya kusahau. Paris ilifanikiwa kuvitenganisha viwili hivyo kwa umbali wa ukuta mmoja, na ukuta huo ukatosha kumfanya mwanahistoria mkubwa atamani kuomba.

Kuna siku ukuta ulipasuka. Kando ya maonyesho palijengwa tufe kubwa la mbingu, mahali pa kumwonyesha mgeni nyota na sayari. Tarehe 29 Aprili, wiki mbili tu baada ya ufunguzi, daraja la waenda kwa miguu lililounganishwa nalo liliporomoka juu ya watu waliokuwa wakipita chini. Tisa walikufa. Ilikuwa zege ya nondo, teknolojia ambayo bado ilikuwa changa, na Ufaransa ilikuja kuiwekea kanuni mwaka 1906. Mbingu ya kuigiza ilikuwa na mafundi, mahesabu na haraka ya kumaliza kazi, kama jengo lolote lile.

Je, makanisa makuu yana haki ya kujitenga na aibu hii? Nayo yalijengwa kwa migongo ya watu, na majina ya wachonga mawe wengi hayapo. Swali ni la haki na halipaswi kukwepwa. Lakini Chartres ina jambo moja ambalo mtu anayeinua shingo kutazama madirisha yake ya rangi anaweza kulikosa kwa sababu liko chini. Kwenye vioo vya chini vya madirisha mengi wamechorwa watu wa kazi: waokaji mikate, washona viatu, maseremala, wabeba maji, wauza manyoya, kila mmoja na vifaa vyake. Wanahistoria wanabishana kama watu hao walilipia madirisha hayo kwa hiari au walichorwa ili kuwaonyesha wengine namna ya kutii. Ubishi huo ni wa maana. Bado, wamo. Mtu anayeinua macho kwa mtakatifu anampitia kwanza mwoka mikate.

Miaka kama kumi kabla ya Adams, msafiri mwingine alipita Paris na moyo wake ukavutwa upande ule ule. Mohandas Gandhi, wakati huo mwanafunzi wa sheria London, alikwenda kuona maonyesho yaliyozaa Mnara wa Eiffel. Katika kumbukumbu zake anasimulia kuwa aliupanda mnara mara mbili au tatu na kula chakula cha mchana huko juu, ili tu aweze kusema amekula mahali pa juu namna ile. Baadaye aliona mnara ule ni kitu cha kuchezea. Kilichomkaa moyoni ni makanisa ya kale, na hasa watu aliowaona wamepiga magoti mbele ya Bikira Maria. Hakuamini kuwa waliabudu jiwe. Aliona wanamwelekea aliye nyuma ya jiwe.

Kumbuka ni nani aliyeyasema hayo. Alikuwa kijana Mhindu, wa dini ambayo wamisionari wengi waliishutumu kwa kuabudu sanamu, naye akaitazama dini ya wengine kwa ukarimu ambao yake haikutendewa. Muislamu, na Wakristo wa madhehebu mengi, hawatakubaliana naye kuhusu sanamu za kanisani, na wana sababu zao nzito. Lakini kuna kitu alichokigusa ambacho wote wanaweza kukipima: Gandhi hakuuliza kitu kina ukubwa gani. Aliuliza kinampeleka wapi anayekitazama.

Ng'ambo ya pili ya mto Seine, pale Trocadéro, maonyesho ya 1900 yalikuwa na sehemu ya makoloni. Dahomey, iliyotekwa miaka sita tu nyuma, ilikuwapo. Madagaska, jirani wa pwani yetu, ilikuwapo na picha kubwa za kutekwa kwake. Watu waliletwa kutoka makoloni ili watazamwe wakifanya kazi zao, wakicheza ngoma zao, wakiwa wao. Mgeni aliyetoka huko akavuka daraja jioni kwenda kwenye taa alikuwa amefundishwa somo moja kwa sehemu mbili: hapa wako watu wanaotazamwa kama vitu, na kule kuna vitu vinavyotazamwa kama miungu. Masomo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Anayeipa mashine heshima iliyo ya Mungu hana budi kuipunguza kutoka mahali fulani, na mara nyingi huipunguza kwa jirani yake.

Jengo moja kando ya mto lilipinga somo hilo. Ndani ya Kasri la Uchumi wa Jamii, msomi W. E. B. Du Bois, pamoja na Thomas Calloway na Daniel Murray, waliweka maonyesho kuhusu Wamarekani Weusi. Du Bois na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono chati za rangi zinazoonyesha ardhi, elimu, kazi na familia. Ziliwekwa pia mamia ya picha za watu wa Georgia: wanawake wenye kofia za Jumapili, wenye maduka, wanafunzi, wazee. Wengi wameitazama kamera uso kwa uso. Du Bois hakuwa na fedha. Alivuka bahari kwa tiketi ya daraja la chini kabisa ili kuja kuzitundika kazi hizo. Zilimpatia medali ya dhahabu. Mwezi Julai mwaka ule ule alihudhuria London mkutano wa kwanza wa Umajumui wa Afrika, ambao watoto na wajukuu wake kimawazo walikuja kuwa akina Nkrumah na Nyerere.

Du Bois hakuwa anahubiri, lakini kazi yake ilikuwa ya kinabii kwa maana ya Isaya. Aliurudisha mkono uliosahauliwa mbele ya macho ya waliousahau.

Dini zenyewe hazikuwa na sauti kubwa Paris. Miaka saba nyuma, kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893, viongozi wa imani mbalimbali walikaa jukwaa moja na kuzungumza kama waumini, na Swami Vivekananda wa India akajulikana duniani kwa hotuba zake. Mwaka 1900 alikuwa Paris, safari hii kwenye kongamano la historia ya dini, lililokuwa la wanazuoni. Imani ilichambuliwa asili yake na ibada zake, kama kitu cha kuhifadhiwa kwenye kabati la kioo. Hapakuwa na ubaya katika uchambuzi huo. Lakini waliokuwa na maneno ya kumsaidia mgeni aliyesimama mbele ya Kasri la Umeme, akitetemeka na asijue kwa nini, walikuwa wamefungiwa ndani wakijadili nyakati za zamani.

Jioni za namna ile hazikuisha. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 hadi tarehe 31 Machi 2022, Dubai ilikuwa mwenyeji wa maonyesho ya dunia yenye mabanda ya nchi 192, Tanzania na Kenya zikiwamo. Katikati lilikuwapo kuba la Al Wasl, lenye upana wa mita 130, ambalo kila usiku liligeuka anga la picha na sauti. Waswahili walikuwapo kama wageni. Walikuwapo pia kama wafanyakazi, kwa maana Ghuba yote imejaa vijana wa Afrika Mashariki: walinzi, wasafishaji, madereva, wahudumu wa hoteli.

Na Dubai ilifanya jambo ambalo Paris haikulifanya. Ndani ya eneo la maonyesho waliweka mnara wa wafanyakazi, nguzo za mawe zilizochongwa majina ya watu zaidi ya 200,000 walioujenga mji ule. Ni vioo vya chini vya Chartres katika lugha nyingine. Inafaa kusifiwa bila kusitasita. Inafaa pia kusemwa kuwa jina kwenye jiwe halilipi mshahara uliocheleweshwa wala halirudishi pasipoti iliyoshikwa na mwajiri, na kuwa waandaaji wenyewe walikiri kuna watu waliokufa wakati wa ujenzi. Kumbukumbu bila haki inaweza kuwa pambo jingine la kasri.

Mwaka 2030, tarehe 1 Oktoba, Riyadh inatarajiwa kufungua maonyesho yake. Wakenya, Waganda na Watanzania wengi wako Saudi Arabia tayari, na ujenzi wa ukubwa ule utahitaji mikono mingi zaidi. Msafiri wa pwani atakayekwenda kuyaona, labda akiunganisha na umra, atasimama jioni mbele ya mwanga ambao hata Adams asingeuota, na atakuwa na kila sababu ya kustaajabu. Hoja ya Ibrahimu na hoja ya Isaya hazimkatazi kutazama. Zinamtaka, kabla moyo haujainama, amtafute kijana wa Kilifi au wa Tanga aliyepanda jukwaani kufunga zile taa, amuulize analipwa kiasi gani, analala wapi, na nani anashika pasipoti yake. Na masheikh na wachungaji wanaowaombea vijana hao dua ya safari wana muda wa kutosha, kuanzia sasa hadi siku hiyo, wa kuyauliza maswali hayo hayo kwenye ofisi za mawakala wa ajira wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, mkataba ukiwa bado haujatiwa saini.